Bwawa likigeuka kijani usikimbilie dawa, mimi nilikimbilia nikapoteza samaki wote wakubwa

Juzi usiku dada mmoja kanitumia picha ya bwawa lake, maji kijani tii kama mtu kamwaga rangi ya ukuta, halafu akauliza swali moja tu: "Kaka niweke dawa gani hii kitu iondoke?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu sana. Nikamjibu kwa kifupi asiweke chochote kwanza, ila nikaona bora niandike yote hapa, maana swali hilohilo na mimi niliwahi kuuliza, na aliyenijibu hakuniambia yale niliyopaswa kuambiwa.

Bwawa langu lilikuwa kwenye mwezi wa tano, perege na kambare wamechanganyika. Mbolea ya ng'ombe nilikuwa naweka kila wiki bila kupima, na chakula nilikuwa namwaga mpaka kinabaki kinaelea, nikiamini samaki akishiba sana ndo atakua haraka. Kijani kikaanza. Mwanzoni nilifurahi na kweli ni kitu kizuri, ule mwani mdogomdogo perege anaula na mchana unatoa oksijeni. Ila wiki zilivyokwenda maji yakazidi kuwa mazito, kona ya upande upepo unakosukumia ikafunga utando kama rangi, na harufu ikawa mbaya, nikaogopa.

Mtaalamu mmoja, jina lake naliacha, akaniambia weka mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba ndani, bwawa zima kwa mkupuo mmoja umalize kazi. Hakuuliza maji yangu yakoje, hakuuliza samaki wana ukubwa gani, hakuuliza hali ya hewa. Nikaweka kwenye gunia nikaliburuta majini kona kwa kona. Siku ya pili maji yakaanza kugeuka kahawia, nikapiga picha nikawatumia watu kwamba nimeshinda. Siku hiyo mawingu yalikuwa mazito, joto la kukaba pumzi na upepo hakuna kabisa.

Saa kumi na moja alfajiri nikasikia sauti ya midomo inapigapiga maji, mingi kwa pamoja. Nikamulika tochi. Perege wamejaa juu, midomo nje, inafunguka inafunga inafunguka inafunga, na wengine wamebanana pale bomba la maji mapya linapoingilia. Niliingiza mkono katikati yao, hawakukimbia. Wale wakubwa niliokuwa najivunia walikuwa tayari wamelala ubavu. Jua linatoka, uso wa bwawa umekuwa mweupe kwa matumbo yao. Walionusurika ni kambare na perege wachache wadogo, kambare kwa sababu ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, perege hana.

Yule mtaalamu nilimpigia. Akasema nilikosea vipimo mimi. Mpaka leo hiyo kauli inanichoma.

Nilichokuja kuelewa baada ya kusoma sana ni hiki. Mwani mchana unatengeneza oksijeni kwa jua, usiku unaivuta kama tunavyovuta sisi, ndo maana oksijeni huwa chini kabisa kabla tu ya jua kuchomoza. Sasa ukiua mwani wote siku moja, kiwanda cha oksijeni umekifunga, halafu mzigo wote ule unaoza kwa pamoja, na bakteria wanaouozesha wanamaliza ile kidogo iliyobaki. Mawingu yakiongezeka ndo basi tena. Na mrututu wenyewe kwenye maji laini yasiyo na chokaa ni sumu kwa samaki moja kwa moja, na shaba yake haiozi, inabaki kwenye tope. Anayelazimika kuutumia kweli hutibu sehemu tu ya bwawa, anasubiri siku kadhaa ndo aendelee.

Kwa hiyo usimwage dawa. Tafuta kwanza nani anaulisha huo mwani. Mwaka 1973 watafiti wa Kanada akiwemo David Schindler waligawa ziwa dogo kwa pazia katikati, upande mmoja wakaweka kaboni na nitrojeni, upande wa pili wakaweka hivyohivyo ila wakaongeza na fosforasi, kirutubisho cha mimea. Upande wa fosforasi ukawa kijani wote, mwingine ukabaki safi. Fosforasi kwenye bwawa langu ilitoka wapi? Kwenye ndoo yangu ya mbolea na chakula kilichobaki, mimi mwenyewe nilikuwa naulisha kila siku. Punguza chakula, simamisha mbolea, badilisha maji kidogokidogo.

Kupima ni rahisi, chukua sahani moja iliyopakwa nyeupe na nyeusi uifunge kamba uizamishe mpaka ipotee machoni. Ikipotea kati ya sentimita 30 na 45 bwawa la samaki lina hali nzuri, ikipotea mapema simamisha mbolea leo hii.

Na ule utando wa kama rangi usiuchezee. Chukua kijiti uinue: zikija nyuzi kama nywele ni mwani wa kawaida, unaweza kuuvuta kwa reki. Kijiti kikitoka kimepakwa rangi tu, inawezekana kabisa ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani, na baadhi yao wanatoa sumu inayoharibu ini. Usinywe, usinyweshe mifugo wala mbwa, na kuchemsha hakusaidii. Mwaka 2014 mji wa Toledo kule Marekani watu zaidi ya laki nne walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa siku tatu hivi kwa sababu ya sumu hiyo kutoka ziwa Erie.

Mimea ya majini nayo usiing'oe yote, inagombania chakula kilekile na mwani na vifaranga wanajificha humo. Inayoelea ikifunika bwawa lote ndo tatizo, inazuia mwanga na hewa, ipunguze kwa mkono, na ukiitoa ipeleke mbali, ukiirundika ukingoni ikioza mvua inairudisha yote ndani. Narudia tena, usimwage dawa.

Dada uliyenitumia picha, kesho saa kumi na moja alfajiri nenda bwawani na tochi kabla hujafanya lolote. Angalia samaki wako wapi. Wakiwa juu wanahema, fungulia maji mapya muda huohuo yaangukie kutoka juu yachanganyike na hewa, chakula usiwape siku hiyo, na unipigie hata kama bado ni giza.