Vitabu vyangu 31 vilivyofungwa, na ninavyonunua sasa

Marehemu baba alikuwa afande. Tulikulia katika kambi za polisi, kwanza Nsambya, halafu Mbale, halafu Tororo, na kila alipohamishwa sanduku la vitabu lilipanda lori pamoja na magodoro. Ndani yake mlikuwa na kamusi ya Kiswahili ambayo ninayo hadi leo. Mgongo wake umeshikiliwa kwa plasta ya hospitali. Kwenye jalada la ndani baba aliandika jina lake na namba yake ya polisi, na chini yake kuna orodha ya walioiazima: mama wa nyumba ya pili, sajini aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kupandishwa cheo, mwalimu wa kanisani. Wengine walitia sahihi walipoirudisha.

Naanza na kamusi hiyo kwa sababu mwaka juzi nilipoteza vitabu 31 kwa siku moja, na hakuna hata kimoja kilichoungua, kulowa wala kuibwa.

Nafundisha Kiswahili na kufanya tafsiri hapa Kampala. Vitabu vya isimu ni ghali, na kukisafirisha kimoja kutoka ng'ambo huweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Kwa hiyo nilikuwa nanunua vitabu pepe katika duka moja la mtandaoni. Baadhi havikuuzwa kwa mteja aliye Uganda, basi nilipofungua akaunti niliweka anwani ya binamu yangu aliyeko Uingereza, nikawa nalipa kwa kadi ya benki ya hapa. Miaka mitano ikapita bila swali. Siku moja ukaja ujumbe kwamba nithibitishe makazi yangu. Nikasema ukweli. Baada ya siku nne akaunti ikafungwa.

Kosa la anwani lilikuwa langu, nalikubali. Lakini fedha nilizolipa zilikuwa za kweli, na nilipoandika kudai vitabu vyangu nilijibiwa kwamba sikuwa nimenunua kitabu hata kimoja. Nilikuwa nimepewa leseni ya kusoma, na leseni hiyo inaweza kuondolewa. Nikayarudia masharti niliyoyakubali siku ya kwanza bila kuyasoma. Ni kweli, yalikuwa yameandikwa hivyo.

Kwenye simu vitabu vyote vilikuwa vimeshatoweka. Nilikuwa pia na tableti ya zamani ambayo haikuwa na bando kwa wiki kadhaa. Mpwa wangu, anayesoma mambo ya kompyuta, akanishika mkono: “Shangazi, usiiwashe data. Ikigusa mtandao tu, nayo itafutwa.” Tukaifungua ikiwa imezimwa mtandao, na vitabu tisa vilikuwa bado vinafunguka. Nilikaa nayo usiku mbili mezani, umeme ukikatika natumia taa ya sola, nikinakili kwa kalamu kwenye kaunta-buku yale niliyokuwa nimeyaandika pembeni mwa kurasa: mifano ya ngeli, makosa ya wanafunzi, maneno ya Kiganda na Kiteso niliyoyalinganisha na ya Kiswahili. Hayo hayakuwa mali ya duka lolote. Yalikuwa kazi yangu ya miaka, na yaliyokuwa kwenye vitabu vingine 22 sikuyapata tena.

Sikuwa wa kwanza. Mwezi Julai 2009 duka la mtandaoni la Amazon lilifuta kutoka kwenye Kindle za wateja, yaani vifaa vyake vya kusomea vitabu pepe, nakala za riwaya ya George Orwell, 1984, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza. Wateja walirudishiwa fedha, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani. Hata hivyo mwanafunzi mmoja wa sekondari nchini Marekani alikwenda mahakamani, kwa kuwa maandishi yake ya masomo yalibaki bila kitabu cha kuyaegemea. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Ilirudisha fedha, na waliokuwa wameandika ndani ya vitabu wakaongezewa dola 25. Niliposoma habari hiyo niliikumbuka kaunta-buku yangu.

Huko California, Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria inamzuia muuzaji kutumia neno “nunua” kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Bidhaa ambayo mteja anaweza kuipakua na kukaa nayo daima bila mtandao haimo katika sharti hilo. Mimi nimeifanya tofauti hiyo kuwa kipimo changu. Kabla ya kulipa najiuliza: je, faili hili naweza kulitoa dukani nikaliweka kwangu, likafunguka hata duka likifa? Kama haiwezekani, ninachokodi ni kiti cha kusomea, na nalipa bei ya kiti.

Kinachozuia huwa ni kufuli la kidijitali, liitwalo DRM. Wachapishaji wengine hawalitumii kabisa. Tor, wachapishaji wa hadithi za kisayansi, waliliacha mwaka 2012. Kwa hiyo soma maelezo ya kitabu, tafuta maneno “bila DRM”, na uangalie kama unapewa faili la aina ya EPUB au PDF. EPUB ndiyo naipenda zaidi kwa simu, kwani maandishi hujipanga upya kulingana na kioo. Usitegemee kwamba njia iliyopo leo itakuwepo kesho: Februari 2025 Amazon iliondoa uwezo wa kupakua kitabu cha Kindle kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Kwa hiyo siku uliyolipa ndiyo siku ya kupakua, usingoje wikendi. Na kwa kuwa bando letu lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kupakua mara moja na kusoma bila mtandao ni nafuu kwa mfuko pia.

Faili likishafika, nalipanga kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta, kisha naliweka mahali pawili. Hapa niwe mkali kidogo: flashi za barabarani nyingi ni feki. Niliwahi kununua moja iliyoandikwa GB 64, ilipojaa kidogo tu ikaanza kuharibu mafaili. Ukishanakili, ichomoe, ichomeke kwenye mashine nyingine, ufungue vitabu vitatu vinne kabla ya kuiamini.

Maandishi yangu siyaachi tena ndani ya kitabu pepe. Yana daftari lake. Akaunti nazo nimezifungua kwa nchi ninayoishi kweli, hata kama ninakosa baadhi ya vitabu.

Najua utaniambia kwamba kwenye makundi ya WhatsApp kila PDF inapatikana bure. Nimekaa na waandishi wa hapa Uganda, nimeona anayejilipia uchapaji halafu kitabu chake kinazagaa kabla hajauza nakala mia. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda, lakini aliye naye karibu ni msomaji. Siku hizi nikimpenda mwandishi namtafuta mwenyewe, namtumia pesa kwa simu, naye ananitumia faili lake. Anapata fedha yote, nami napata kitabu kisicho na kufuli. Ukitaka vya bure kwa halali kwa ajili ya watoto, African Storybook ina hadithi katika lugha zetu nyingi, na leseni yake inakuruhusu kupakua, kuchapa na kugawa.

Flashi ya vitabu vyangu iko ndani ya sanduku la baba, kando ya kamusi, na pamoja nayo kuna karatasi yenye orodha ya vilivyomo na jina la mpwa wangu niliyemwachia. Kila likizo ya Desemba tunaichomeka pamoja kuona kama vyote bado vinafunguka.