"Njano! Njano!": Shangazi anajibu maswali yenu kuhusu Sonic Heroes

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mjomba wa watoto wangu amerudi kutoka Maskati na ametuachia PS2 yake ya zamani, pedi mbili na diski chache. Moja ya hizo diski ni Sonic Heroes. Nina binti wa miaka 12 na kijana wa miaka 9, na wamegawanyika. Binti anasema gemu ni tamu, kaka yake anasema linamwangusha kila saa na hatua ni zilezile. Nilikaa nao jioni moja nikaona wahusika watatu wanakimbia pamoja, sikuelewa nani anamwongoza nani. Je, ni gemu la maana, au nilifungie kabatini? (Mama wa wawili, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilifungie. Wanao wote wawili wamesema kweli.

Nianze na hao watatu. Sonic, yule kalunguyeye wa buluu, yupo tangu 1991, na muda wote huo tunamjua kwa mbio. Hapa anakimbia na wenzake wawili: Tails, mbweha wa mikia miwili, na Knuckles mwenye mangumi. Mchezaji anawaongoza wote kwa pedi moja, na kuna vitufe vya kubadilisha nani atangulie. Akitangulia Sonic wanajipanga mstari na mbio zinapanda. Rangi yake ni buluu. Akitangulia Tails wanashikana mmoja chini ya mwingine na kupaa kidogo. Hiyo ni njano. Akitangulia Knuckles, wenzake wanakaa huku na huku kama silaha zake, anavunja kuta na kuponda maroboti, nyekundu. Kazi ya mchezaji ni kusoma njia iliyo mbele na kumtanguliza anayefaa kabla hawajafika hapo. Anayechelewa kubadilisha atafika kwenye ukuta na Sonic, na Sonic hana la kuufanya ukuta.

Hayo niliyajua kwa masikio kabla ya macho. Mwaka 2005 kaka yangu alifungua chumba cha gemu kwenye baraza ya nyumba ya mama, Ngamiani, Tanga. Mimi nilikaa mlangoni kukusanya shilingi mia mia. TV moja ya inchi 14, PS2 moja, benchi moja la mbao. Vijana wakubwa hawakutaka kitu zaidi ya mpira. Lakini alasiri, wakubwa wakiwa bado kazini, watoto waliotoka madrasa waliomba wawekewe Sonic Heroes. Mmoja alishika pedi, wengine wakasimama nyuma yake. Nami nje nakuna nazi, nasikia wanavyopiga kelele: "Buluu! Buluu! Haya njano! Njano, we!"

Siku moja niliacha mbuzi nikaingia kuangalia. Ilikuwa hatua ya 4, Power Plant, pale mwishoni ambapo nishati inayowaka inapanda kutoka chini na timu inapaswa kupanda mbele yake. Aliyeshika pedi alikuwa mtoto wa miaka kama 10, kanzu ameikunja na kuikalia, na alikuwa ameshakufa hapo mara mbili. Maroboti yakatokea, chumba kizima kikapiga kelele "Nyekundu!", akayavunja. "Njano!", akapaa hadi ngazi ya juu. Mara wote wakanyamaza, maana hakuna aliyejua kinachofuata. Nikaona kidole gumba chake kikisogea chenyewe kwenye kitufe, kabla mtu hajasema neno, akamtanguliza Sonic, akapita. Hakugeuka nyuma wala hakucheka, alifuta tu jasho la mkono kwenye kanzu na kushika pedi vizuri zaidi. Tangu siku hiyo nikawa nacheza mwenyewe usiku, baada ya kufunga. Mwanangu, binti yako akikwambia gemu ni tamu, ndicho anachokisema: mkono wake umeanza kujua rangi kabla hajafikiri.

Sasa kijana wako na kuanguka kwake. Si kwamba hajui kucheza. Kamera ya gemu hili ni mbaya na inafika mahali inakaa nyuma ya ukuta huku wewe uko ukingoni. Pia Knuckles akipiga ngumi mfululizo, kila ngumi inaisogeza timu mbele, na ukipigania kwenye jukwaa dogo utajikuta umetumbukia pamoja na roboti uliyempiga. Mwambie apige ngumi mbili, asimame, aangalie miguu. Na hatua ya 7, Rail Canyon, karibu yote ni ya reli, unateleza juu yake na kurukia nyingine iliyo sambamba. Ukiruka huku umeisukuma fimbo ya pedi mbele badala ya pembeni, umekwisha. Pale chumbani kwetu Rail Canyon ndiyo iliyoingiza hela nyingi kuliko hatua zote, na haikunifurahisha, kwa sababu watoto walilipia kosa la waliotengeneza gemu.

Hili la hatua kuwa zilezile ndilo zito zaidi, na hapa namuunga mkono kijana. Hatua ziko 14. Timu ziko nne. Kila timu ina hadithi yake, lakini zote zinapita katika hatua hizohizo 14, kuanzia ufukwe wa Seaside Hill hadi ngome ya Final Fortress. Sonic na wenzake wanapita. Kisha Shadow, Rouge ambaye ni popo, na roboti Omega wanapita palepale, maadui wakiwa wengi zaidi. Kisha Amy, sungura Cream na Big, paka mnene anayemtafuta chura wake, wanapita njia hiyohiyo ikiwa imefupishwa. Mbio kwa buluu, kupaa kwa njano, nguvu kwa nyekundu, zamu baada ya zamu. Watu wamebadilika sura tu.

Timu ya nne, Chaotix, ndiyo iliyonionyesha gemu hili lingekuwaje. Ni wapelelezi: Espio kinyonga, Charmy nyuki, Vector mamba. Mteja wasiyemjua anawapa kazi kupitia redio ya mkononi, nao wana shida ya pesa, kwa hiyo wanakubali. Kwao, mara nyingi kufika mwisho wa hatua peke yake si kazi. Kwenye Seaside Hill ile ile uliyoipita mbio mara tatu, sasa unaambiwa utafute kaa 10. Ghafla unatembea polepole, unachungulia nyuma ya mawe, unaona pembe za ufukwe ambazo ulikuwa unazipita kama upepo. Casino Park unakusanya pete 200. Kwenye Mystic Mansion unazima mienge 60, na nyumba ile yenye mizimu inakuwa kitu kingine kabisa unapoitafuta kona kwa kona. Hatua hazikubadilika, kazi imebadilika, na hiyo ilitosha. Kama kila timu ingepewa kazi ya aina yake hivyo, hili lingekuwa gemu kubwa la Sonic, na bado linaniuma kwamba waliishia kwa timu moja. Kuna kazi za Chaotix zinazochosha, sikatai, hasa kaa wa mwisho akijificha na ukazunguka nusu saa. Hata hivyo ndiyo timu niliyoirudia mara nyingi kuliko zote.

Kwa hiyo fanya hivi. Kijana aanze na timu ya Amy, maana hatua zake ni fupi na ina sehemu ya mafunzo mwanzoni. Binti aendelee na Sonic. Hadithi inachezwa kwa pedi moja tu, hiyo ya pili ni ya mashindano ya wawili, basi wapokezane hatua kwa hatua, na asiyeshika pedi awe ndiye anayetaja rangi. Wakishamaliza timu hizo mbili waende moja kwa moja kwa Chaotix, ya Shadow wakaiweka mwisho. Hakikisha tu memori kadi ipo, la sivyo umeme ukikatika wataanza upya na utawasikia hadi jikoni.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimemaliza timu zote nne, nimempiga hadi Egg Emperor, yule adui mkubwa wa mwisho, lakini rafiki yangu anasema kuna mwisho mwingine ambao mimi sijauona. Ananidanganya? (Mwanafunzi, Mombasa)

JIBU: Marahaba, baba. Hajakudanganya. Hadithi ya mwisho inafunguka ukishamaliza timu zote nne na ukawa na zumaridi zote saba. Zinapatikana kwenye hatua za namba shufwa tu: ya 2, ya 4, ya 6 hadi ya 14, moja kwa kila hatua. Ndani ya hatua utaona ufunguo umefungiwa kizimbani. Vunja, uchukue, halafu ufike nao mwisho bila kuguswa na adui. Ukiguswa, ufunguo umepotea, tafuta mwingine mbele. Ukifika nao unaingizwa kwenye hatua maalumu ndani ya bomba, unakimbiza zumaridi ikiwa mbele yako huku ukikusanya vijipira vinavyokupa nguvu ya kuongeza mbio. Usibonyeze mbio mfululizo. Jaza, achilia kidogo, jaza tena. Bomba lile likianza kukuzungusha kichwa chini miguu juu, acha kushindana nalo, iache timu ishuke yenyewe.

Timu zote zinachangia mfuko mmoja, kwa hiyo zumaridi aliyoipata Amy huhitaji kuipata tena kwa Sonic. Mimi nilizichukua zote na timu ya Amy kwa sababu hatua zake ni fupi, ufunguo hausafiri mbali. Aliye nyuma ya mambo yote sitamtaja, umefanya kazi kubwa na unastahili kumwona mwenyewe. Nenda tu ukijua kwamba kwenye pambano hilo timu zote nne zinapata zamu, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilihisi wote 12 wako upande mmoja.

SWALI: Hujambo Shangazi? Niko London, duka la vitu vya mkono wa pili karibu na kwangu lina Sonic Heroes ya PS2 na ya GameCube. Mashine zote mbili ninazo. Nichukue ipi? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Sijambo, mwenzangu. Chukua ya GameCube. Hili lilikuwa gemu kuu la kwanza la Sonic kutoka kwenye mashine kadhaa kwa pamoja. Sega, kampuni yenye Sonic, walikuwa wameacha kutengeneza mashine zao mwaka 2001, baada ya Dreamcast, iliyokuwa ya mwisho, hivyo Sonic Heroes lilipotoka Japani mwishoni mwa Desemba 2003 na kwingineko 2004 ilibidi likae GameCube, PS2 na Xbox. PS2 ndiyo iliyoumia. Picha zake zinakwenda 30 kwa sekunde, wenzake 60, na kwenye gemu la kubadilisha rangi ukiwa mbioni tofauti hiyo utaisikia vidoleni. Mimi niliizoea ya PS2 kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa nayo, nilipoijaribu ya GameCube kwa binamu yangu nilipita Rail Canyon mara ya kwanza bila kuanguka. Ila memori kadi ya PS2 haiingii GameCube, kwa hiyo muulize mwenye duka kama anayo kadi ya GameCube kabla hujalipa.