Re: Kitulo mbona sijaona maua?

Habari mkuu. Kwa hiyo ulienda hifadhi ya taifa ya Kitulo mwezi wa nane ukakuta nyasi kavu na baridi tu, sasa unauliza kama yale maua yapo kweli. Yapo, ulikosea mwezi tu. Yanafuata mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi.

Kabla ya yote ulizia barabara, maana msimu wa maua ndo msimu wa tope. Mi napandia Chimala kwenda Matamba, zile kona 57, asubuhi mvua haijaanza, na gari liwe limeinuka, gari dogo kama IST liache mjini. Kule juu ni kama mita 2,600 kwa hiyo koti na mabuti ni lazima. Ukifika usikimbilie kupiga picha kwa mbali, shuka uiname, okidi, ndo hayo maua yenyewe, nyingi ni fupi zimejificha kwenye nyasi unaweza ukazikanyaga. Ukibaki na muda ingia msitu wa Livingstone, ndo kwao kipunji, yule nyani adimu.

Ila tafadhali usichimbe okidi hata moja, viazi vyake vimebebwa sana kwenda Zambia kupikia chikanda, chakula chao cha viazi hivyo na karanga, na kiazi kikitoka mmea ndo umekufa. Kiingilio waulize TANAPA wanaosimamia hifadhi, bei hubadilika.