Buni za sokoni hazijaota, nifanyeje?

Dada, pole kwa wiki tatu za kumwagilia bure. Buni ya sokoni, hata kama haijakaangwa, mara nyingi imekaa miezi ghalani, na mbegu ya kahawa hufa upesi. Achana nayo. Tafuta tunda jekundu lililoiva kabisa mtini. Huko Mbale, Uganda, watu wa Mlima Elgon wanavuna kahawa aina ya arabika, kwa hiyo hukosi jirani wa kukupa kiganja kimoja.

Menya kwa vidole, osha ule ute mpaka mbegu isiteleze tena, zinazoelea majini tupa. Anika kivulini siku chache, juani kamwe, kisha panda mapema. Mimi huzilaza upande bapa chini, kina cha sentimita moja, kwenye udongo mwepesi wenye mchanga kidogo, halafu nafunika kwa nyasi kavu.

Sasa subira: mwezi mmoja na nusu, pengine miwili. Utaona kishingo kimejipinda, kisha kinanyooka kimebeba mbegu nzima kichwani, ganda likiwa bado limeshika. Usilibandue! Majani yamo humo, yatalisukuma yenyewe.

Robusta, aina nyingine ya kahawa, pia huota hivyohivyo, ila hupokea chavua ya mti mwingine, basi mche hauwi kama mamaye. Kwa shamba la biashara la robusta nunua miche ya vipandikizi iliyochaguliwa kustahimili ugonjwa wa mnyauko. Kwa nyumbani, arabika ya mbegu inatosha, na matunda utayaona baada ya miaka mitatu au minne.