Pepo wa Riwayani Aliyeingia Katika Maombi Yangu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mpenzi mkubwa wa riwaya za Kikristo zinazosimulia vita vya kiroho, zile ambazo kila mji una pepo mkuu mwenye jina, cheo na jeshi lake. Sikuona ubaya wowote, kwa kuwa walioziandika ni waumini, na wachawi waliomo hushindwa kila mara. Usiku mmoja, nikiongoza maombi, nilimkemea pepo kwa jina. Baada ya ibada mwenzangu aliniuliza kwa upole jina lile linapatikana katika kitabu gani cha Biblia. Nilifungua itifaki ya Biblia, yaani orodha ya maneno yake na mahali yanapopatikana, nikapitisha kidole safu baada ya safu, nisilione. Nilikuwa nimelitoa riwayani.

Nilijitetea kwa Danieli 10, panapotajwa mkuu wa ufalme wa Uajemi, lakini niliposoma sura nzima nilikuta Danieli alifunga na kuomboleza majuma matatu, na habari za mkuu huyo akazipata kwa mjumbe aliyetumwa kwake mwishoni. Hakuagizwa kumkemea, kumfunga wala kuchora ramani ya eneo lake. Hayo niliyaongeza mimi.

Wengi wetu huikagua hadithi kwa kuuliza kama ina mchawi. Swali hilo lina msingi, maana Kumbukumbu la Torati 18 inakataza waziwazi ubashiri, uchawi na kuwaomba wafu. Hata hivyo, mchawi anayeitwa mchawi hamdanganyi mtu. Linalopenya kimyakimya ni wazo kwamba nguvu za Mungu zina ufunguo wa siri, uwe ni neno, namba au jina, na kwamba wenye ufunguo huo ni Wakristo wa daraja la juu kuliko wengine. Wazo hilo ni la kale: Simoni wa Samaria, mchawi anayesimuliwa katika Matendo ya Mitume 8, aliudhania uwezo wa mitume kuwa kitu cha kununuliwa kwa fedha, na mnamo mwaka 180 Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika kuwapinga Wagnostiki waliojivunia elimu ya siri.

Simaanishi kwamba kila anayesali kwa kimya au kusimulia maono ni mshirikina. Teresa wa Avila (1515–1582), mtawa wa Hispania, aliyapima maono yake mwenyewe kwa matunda yake, hasa unyenyekevu, na kipimo hicho kingenifaa sana, kwa maana riwaya zangu zilikuwa zimenizidishia majivuno tu.

Siku hizi nasoma nikiwa na penseli mkononi, na kila ninapojikuta nataka kuliamini jambo, naandika pembeni aya ninayodhani inalithibitisha. Mara nyingi pembeni hubaki patupu. Kwa anayeandika hadithi, namshauri aruhusu baadhi ya maombi ya wahusika wake yasijibiwe kama walivyotaka, ili sala isigeuke kuwa kanuni ya kuzalisha matokeo.

Jina lile sijalisahau. Hunijia ulimini katikati ya maombi, nami hulimeza, nikaendelea kuomba.