Maswali ya Wasomaji: Mkataba wa Mhadhiri na Malipo Yake

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wahadhiri wanaoanza kazi au wanaokaribia mwisho wa mikataba yao. Tumechagua tano.

SWALI: Ndugu wahariri, nimepewa somo moja nifundishe muhula ujao kama mhadhiri wa muda. Barua inasema nitalipwa saa 45, na kiwango cha saa moja ni kizuri kuliko nilivyotarajia. Wenzangu wananiambia nisifurahi mapema. Kwa nini?

JIBU: Wenzako wanajua wanachosema. Saa 45 ni zile za kusimama darasani tu, yaani saa 3 kwa wiki kwa wiki 15. Kabla hujasaini, chukua karatasi upige hesabu ya kazi nzima. Tuseme kiwango chako ni 100 kwa saa, kwa fedha yoyote ile. Muhula mzima utalipwa 4,500. Somo ni jipya kwako, kwa hiyo kadiria saa 2 za maandalizi kwa kila saa ya darasani: hizo ni saa 90. Darasa likiwa na wanafunzi 120, kila mmoja akaandika mazoezi mawili ya kusahihishwa kwa dakika 10 kila moja na mtihani wa mwisho wa dakika 20, usahihishaji peke yake ni saa 80. Weka saa 15 za kuonana na wanafunzi ofisini, na saa 10 za kutunga mtihani, kuusimamia na kuingiza alama kwenye mfumo. Jumla ni saa 240. Gawanya 4,500 kwa 240, utapata 18.75. Hicho ndicho kiwango chako halisi.

Ukilirudia somo lilelile muhula unaofuata, maandalizi yanaweza kushuka hadi nusu saa kwa kila saa ya darasani, na kiwango halisi kitapanda hadi kama 26. Ndiyo maana mhadhiri wa muda anayebadilishiwa somo kila muhula huumia kuliko mwenzake, hata kama barua zao zinafanana neno kwa neno. Kama idara inataka ufundishe tena, omba wakuandikie mapema kwamba somo ni lilelile.

Kinachoamua zaidi ni idadi ya wanafunzi, na barua nyingi hazitaji idadi hiyo kabisa. Omba iandikwe, pamoja na malipo ya kila karatasi ya mtihani pale darasa linapovuka idadi fulani, tuseme 50. Wakikataa malipo hayo, omba msahihishaji msaidizi au zoezi moja badala ya mawili. Omba pia kifungu cha fidia iwapo somo litafutwa kwa uchache wa wanafunzi baada ya wewe kuliandaa. Bila kifungu hicho, saa zako za maandalizi hazina mlipaji.

Halafu kuna fomu ya madai, ambako ndiko fedha nyingi hukwama. Mhasibu huilinganisha na ratiba rasmi, mstari kwa mstari. Ukikosa kipindi cha Jumanne kwa sababu ya mgomo au ukumbi kufungwa, ukakifidia Jumamosi, ile saa ya Jumamosi haimo kwenye ratiba, na itapigwa mstari. Kabla ya kufidia, mwandikie mkuu wa idara barua pepe ya mistari miwili ukitaja tarehe, ukumbi na kipindi kinachofidiwa, kisha uambatanishe jibu lake na fomu. Peleka madai kila mwezi, usingoje muhula uishe. Mkuu wa idara akibadilika katikati, mpya hatataka kutia sahihi kazi ambayo hakuiona.

Na usiingie darasani kabla ya kupata barua. Barua ikitoka wiki ya 6 ikiwa na tarehe ya wiki ya 6, saa za wiki tano za kwanza hazina pa kuingizwa.

SWALI: Nina nafasi mbili za kazi. Chuo cha kwanza kinatoa mshahara wa msingi 70 na posho 30. Cha pili kinatoa mshahara wa msingi 90 na posho 5. Mke wangu anasema nichukue cha kwanza kwa kuwa 100 ni zaidi ya 95. Mnashauri nini?

JIBU: Kwa mwezi wa kwanza shemeji yetu yuko sahihi. Lakini angalia kila kitu kinachokokotolewa kutokana na mshahara wa msingi. Mwajiri akichangia pensheni asilimia 20 ya msingi, chuo cha kwanza kinaweka 14 na cha pili 18. Tofauti ya 5 imebaki 1. Nyongeza ya mwaka ya asilimia 3 ya msingi ni 2.1 kwa cha kwanza na 2.7 kwa cha pili, na pengo hilo hukua kila mwaka. Kama mkataba una kiinua mgongo, nacho kwa kawaida hupimwa kwa msingi.

Kisha uliza posho hukoma lini. Posho za usafiri, madaraka na mzigo wa ziada mara nyingi husimama mtu akienda likizo ya utafiti, ya uzazi au ya ugonjwa wa muda mrefu. Zikisimama zote, chuo cha kwanza kitakulipa 70 na cha pili 90. Posho pia hupunguzwa kwa waraka mmoja tu, ilhali mshahara wa msingi ulioandikwa kwenye mkataba haupunguzwi kirahisi bila ridhaa yako. Sisi tungechukua cha pili, ila kama unajua utaondoka ndani ya mwaka mmoja.

SWALI: Nimefanya kazi miaka sita kwa mikataba ya miaka miwili miwili, na wa tatu unaisha karibuni. Je, si tayari nimekuwa mwajiriwa wa kudumu?

JIBU: Inategemea sheria ya nchi uliyomo, na tofauti ni kubwa. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2002, aliyekaa miaka 4 au zaidi kwa mikataba ya muda maalumu inayofuatana huhesabiwa mwajiriwa wa kudumu, isipokuwa mwajiri aonyeshe sababu ya msingi ya kufanya vingine. Ujerumani, sheria maalumu ya mikataba ya kitaaluma inaruhusu hadi miaka 6 kabla ya shahada ya uzamivu na 6 baada yake, au 9 baada yake kwa fani ya tiba. Kwingine hakuna kikomo, na tegemeo ni makubaliano ya chama cha wafanyakazi na chuo.

Kokote uliko, hatua za kuchukua zinafanana. Panga barua zako zote kwa tarehe na utafute mapengo kati ya mkataba mmoja na unaofuata. Hata wiki chache kati ya mwisho wa mmoja na mwanzo wa mwingine zinaweza kutumiwa kudai kwamba utumishi ulikatika. Kama ulifundisha au kusahihisha katika pengo hilo, kusanya ushahidi: ratiba, barua pepe, orodha za alama zenye tarehe. Kisha andika barua kwa ofisi ya rasilimali watu, nakala kwa chama, angalau miezi mitatu kabla ya mwisho, ukiuliza msimamo wao. Usisaini mkataba mpya wenye maneno kwamba unaachilia madai ya nyuma kabla chama au wakili hajausoma.

SWALI: Nimeajiriwa Marekani kwa njia inayoelekea ajira ya kudumu. Miaka mitatu niliyofundisha kwingine itahesabiwa?

JIBU: Itahesabiwa kama barua ya ajira inasema hivyo, na uamuzi huo ufanywe sasa. Tamko la mwaka 1940 la chama cha maprofesa wa Marekani, AAUP, ambalo vyuo vingi vinalifuata, linasema kipindi cha majaribio kisizidi miaka 7, na anayeachwa aarifiwe angalau mwaka 1 kabla. Kuhesabiwa miaka 3 kunaleta mapema tathmini ya kupewa ajira ya kudumu, lakini kunapunguza pia muda wa kuchapisha. Kama utafiti wako unachelewa kutoa matokeo, omba mwaka 1 tu. Barua itaje mwaka wa masomo ambao faili lako litapelekwa kwenye tathmini, na iseme kama hesabu ya miaka ya majaribio husimama kwa likizo ya uzazi au la.

Angalia pia kama mshahara ni wa miezi 9. Mshahara wa 90 unaweza kulipwa 10 kwa miezi 9 au 7.5 kwa miezi 12, jumla haibadiliki. Bima ya afya wakati wa kiangazi ndiyo ya kuuliza, hasa mwaka wa kwanza na wa mwisho.

SWALI: Chuo kinataka kurekodi mihadhara yangu. Nikiondoka, wataendelea kuitumia?

JIBU: Soma sera ya hakimiliki iliyotajwa kwenye mkataba, mara nyingi ni kiambatisho ambacho hupewi mpaka ukiombe. Kama haisemi lolote kuhusu video, andika ombi lenye mambo mawili: rekodi zitumike kwa wanafunzi wa muhula huo tu, na matumizi ya baadaye yahitaji idhini yako na malipo. Lipeleke kabla ya kurekodi kipindi cha kwanza, maana baada ya hapo faili liko kwenye seva yao.