Jibu kwa mama wa Tandahimba: korosho, karatasi na safari ya binti mpaka chuo

Dada, swali lako nimelisoma jana usiku nikaona lisijibiwe kwa mistari miwili. Umesema binti yako anafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba hii, walimu wanamtegemea, na mumeo ameshaanza mazungumzo na mtu wa kangomba, yaani anayenunua korosho zikiwa bado mtini, ili hela ya kidato cha tano isiwakute mikono mitupu. Ukauliza hela mtaipataje, achukue kombi gani, yaani masomo matatu ya kidato cha tano, na mkopo wa chuo unaombwaje mtu ukiwa kijijini. Nina steshenari hapa Masasi mjini. Kuanzia Juni mpaka Oktoba kazi yangu kubwa ni maombi ya vyuo na mikopo, na wanangu wawili wamepita humo humo: mmoja yuko chuo kikuu Dodoma, mwingine kamaliza uuguzi.

Nianze na kangomba. Mwambie shemeji asifanye. Ukiacha kwamba Serikali imeipiga marufuku, hesabu yake inamuumiza mtoto mwenyewe. Mnapewa hela Julai mikorosho ikiwa bado maua, Oktoba mwenye hela anakuja kubeba mzigo kwa bei aliyoipanga yeye, huku jirani yenu anasubiri mnada wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, na kulipwa benki. Binti anakuwa ameripoti shule, sawa, ila mwaka unaofuata mnaanza na deni, na kidato cha tano na sita ni miaka miwili. Chuo kinakuja baada ya hapo, na shamba limeshachoka kuliwa kabla ya kuvunwa.

Tatizo letu watu wa kusini ni kwamba kalenda ya shule na kalenda ya korosho hazipatani. Kidato cha tano kinafunguliwa Julai, na Julai huku ni mwezi wa kununua salfa ya kupulizia mikorosho, hela inatoka haiingii. Vyuo vikuu vinafungua kati ya Oktoba na Novemba, minada ndiyo kwanza inachangamka na malipo ya AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, wengine bado hawajayaona. Kwa hiyo mzazi anayengoja matokeo ndipo atafute hela, siku ya kuripoti lazima imkute mtupu. Hela ya kidato cha tano ya binti yako ni korosho ya msimu huu huu, hii mtakayouza wakati yeye yuko kwenye chumba cha mtihani. Malipo yakiingia benki, kabla ya bati, kabla ya pikipiki, kabla ya sherehe ya mtu yeyote, itengwe ya shule. Iwekeni kwenye akaunti ya malengo ambayo kadi yake hamtembei nayo. Kama uko kwenye kikoba, ombeni mvunje Juni badala ya Desemba. Kikundi cha akina mama hapa jirani yangu walihamisha mwezi wa kuvunja kwa sababu hiyo tu, na wenye watoto wa kidato cha tano walipumua. Na kama mna eka ya kupanda ufuta, pandeni. Minada ya ufuta huangukia Juni na Julai, yaani wakati ule ule tranka linapotakiwa.

Usikie pia kwamba ada ya kidato cha tano na sita kwa shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, lakini fomu ya kujiunga ina orodha yake: godoro, shuka, sare, ndoo, rimu ya karatasi, jembe au fagio, vifaa vya maabara kwa wa sayansi, michango midogo midogo. Halafu nauli. Mtoto wa Tandahimba anaweza kupangiwa jirani hapa, au Kagera. Wanaopangiwa Ruvuma, Njombe au Mbeya wasizungukie Dar es Salaam, wapite hapa Masasi, Tunduru, Songea, lami ipo. Nauli weka ya kwenda na ya kurudi likizo, maana wazazi wengi wanahesabu ya kwenda peke yake.

Sasa karatasi, na hapa ndipo ninapoona watoto wanakwama kweli kweli. Chukua cheti cha kuzaliwa cha binti, leo, kiweke kando ya jina lake lilivyosajiliwa kwa mtihani wa Baraza la Mitihani. Soma herufi kwa herufi. Huku kwetu mtoto anaandikishwa darasa la kwanza na mjomba, anampa jina la ukoo wa mama. Cheti kinakuja kukatwa baadaye na baba, linaingia jina la babu. Kwingine ni Zainabu na Zainab, Hasani na Hassan, Ali na Ally. Nyumbani ni mtu yule yule, ila mfumo wa kompyuta unaona watu wawili. Kurekebisha kunawezekana, kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili, au kwa kusahihisha cheti chenyewe, lakini kunataka muda na nauli za kwenda na kurudi, na mwezi wa maombi hauna muda. Kama cheti hana kabisa, anzeni ofisi ya mkuu wa wilaya mkiwa na barua ya mtendaji wa kijiji na kadi ya kliniki au vyeti vya shule. Cheti hicho baadaye kitahakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, ndipo Bodi ya Mikopo ikipokee. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa vile vile, kwa hiyo watoto waliofiwa wasikae na kibali cha mazishi peke yake wakadhani kinatosha.

Kwenye kombi nitasema ninachokiamini ingawa walimu wengine hawatapenda. Usimchagulie kwa jina la kazi mnayoitaka, angalia C zake zinaangukia wapi. Kwenda kidato cha tano anahitaji angalau C tatu, masomo ya dini hayahesabiwi. Matokeo hutoka Januari, kisha TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform kwa muda wa kubadilisha kombi alizojaza shuleni. Dirisha hilo msilikose. Unakuta msichana alijaza PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) kwa sababu baba alitaka daktari, matokeo yamekuja Fizikia ana D na Jiografia ana B, bado kombi ile ile imekaa mle hakuna aliyeigusa. Na mjue kila kombi inafungua milango gani. Udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na isipungue D kila moja kwenye kidato cha sita. Kwa hiyo CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), pamoja na uzuri wake kwa kilimo, mazingira na ualimu, haimfikishi huko. HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) na nyingine za sanaa zina sheria, ualimu, utawala. EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) ni ya mtoto anayeipenda hesabu mwenyewe, si wa kusukumwa.

Halafu kidato cha tano si lazima. Hili nalisema kwa sababu mwanangu wa pili hakwenda, na anafanya kazi leo. Kwa stashahada za afya, kama utabibu na uuguzi, wanaangalia ufaulu wa kidato cha nne, D nne zisizo za dini, zikiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ndiyo maana mtoto aliyeacha Fizikia kidato cha tatu akidhani ameutua mzigo anajikuta nje ya mlango huo, na wazazi wenye watoto wa kidato cha pili mnaosoma hapa mlishike hilo. Vyuo vipo huku huku: utabibu Mtwara, uuguzi Ndanda, ualimu Mtwara na Nachingwea, TIA, Taasisi ya Uhasibu, wana kampasi Mtwara, VETA zipo Mtwara na Lindi, na kwa shahada kuna Stella Maris, Mtwara. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisheni chuo na kozi vimo kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi. Kuna wazazi wamelipa ada ya mwaka kwa chuo cha vyumba viwili ambacho hakikuwa na usajili, na hela ile hairudi. Tangu 2023/24 mikopo ya Serikali imefika pia kwa baadhi ya stashahada, kwa hiyo someni mwongozo wa mwaka wenu.

Tuseme amekwenda, yuko kidato cha sita. Mtihani ni Mei, na wengi wanaoteuliwa wanaondoka moja kwa moja kwenda JKT. Dirisha la mkopo nalo linafunguka kipindi hicho hicho. Alikuja kwangu mzee mmoja kutoka upande wa Lulindi, ameshika mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na kila kitu: cheti cha kuzaliwa, matokeo, picha za pasipoti, kitambulisho chake cha kura kama mdhamini, hata namba ya kaya ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, kaiandika kwa kalamu nyuma ya daftari. Mzee kajipanga kuliko watumishi wengi. Mjukuu yuko kambini, na karatasi ya saini inataka mkono wa mwombaji mwenyewe. Akaunti ya barua pepe ilifunguliwa na rafiki wa shule, nywila anaijua yeye, na laini iliyoandikwa ilikuwa ya huyo rafiki. Tulikaa siku nzima kumtafuta huyo rafiki, akapatikana Kilwa. Kijana alitoka kambini dirisha linakaribia kufungwa, akasaini, tukatuma usiku. Alipata mkopo. Ila mzee yule alizeeka mwaka mzima ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo binti asajiliwe laini yake, na asiibadilishe mpaka awe amekaa darasani chuoni. Akifikisha miaka 18 aende NIDA kuchukua kitambulisho cha taifa. Barua pepe na nywila ziandikwe kwenye daftari linalobaki kwako wewe mama. Karatasi za mkopo zinapita kwa mwenyekiti na mtendaji, kisha kwa hakimu au wakili kwa muhuri wa kiapo, na mdhamini awe mtu anayepatikana, si shemeji aliyeko Msumbiji. Kama mko TASAF, andikeni, ni ushahidi wa hali ya kaya. Mwenye ulemavu uthibitishwe na mganga mkuu. Akikosa mkopo au akipata kidogo kuna dirisha la rufaa, lakini rufaa inataka ushahidi mpya, si kulalamika upya.

Chuo kikuu anaomba moja kwa moja chuoni. Tangu 2017 TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, haipangi tena wanafunzi kama zamani, ila kitabu chao cha mwongozo ndicho kinachosema kila kozi inataka nini. Kiwango cha chini cha jumla kwa shahada ni alama 4.0 kutoka masomo mawili ya kombi, lakini kozi nyingi zinataka zaidi. Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, TCU inatuma namba ya siri kwenye simu, naye anathibitisha kimoja. Asipothibitisha anaipoteza nafasi. Hapo ndipo utaelewa kwa nini nimeng'ang'ania laini.

Umeandika mwishoni, kama kwa kusitasita, kwamba unaogopa ile miezi ya Desemba mpaka Julai binti akiwa nyumbani. Unaogopa sawasawa. Ni miezi saba mtoto wa kike hana sare, watu wameshaanza kumwita mkubwa, na msimu wa hela unaleta wageni wengi kijijini. Akae naye mama mdogo wake mjini kama yupo, asome kompyuta VETA kozi fupi, au aingie tuisheni ya masomo ya kombi anayoitegemea. Posa ikija, nawe umesema mjomba wake ndiye mwenye sauti, zungumza naye mjomba sasa hivi kabla ya Novemba, mwonyeshe matokeo yake ya moko, mwambie ni mwanafunzi anayesubiri shule. Mjomba akikubali kuwa mdhamini wa mkopo wa huko mbele, utakuwa umempata upande wako. Ukikwama kwenye jina la cheti andika hapa hapa, lakini usiweke namba ya mtihani wala ya simu hadharani.